Kufunga Tairi Uani: Miaka Yangu ya Huduma ya Mkoba

Vijana wangu wa chanjo, siku ile mliponiaga mliniomba niseme maneno machache, nami nikasema machache kweli, kwa sababu pilau lilikuwa linapoa. Haya ndiyo yaliyobaki. Habari za vyeo sitaziandika. Aliyenipandisha anajua, na aliyenichelewesha anajua zaidi. Nitaandika habari za pikipiki, kwa kuwa nusu ya kazi yetu ni sindano na nusu nyingine ni kufika mahali pa kuchoma hiyo sindano, na hiyo nusu ya pili chuoni hatukufundishwa.

Mimi ni mtoto wa Ngokolo, hapo hapo Shinyanga mjini. Baba alikuwa na duka la vitenge Kambarage, na sisi watoto wake tulikua tukijua kupima kitambaa kabla ya kujua kusoma. Nilipomaliza uuguzi nikapangiwa zahanati moja upande wa Bukombe. Nilifika na sanduku, ndoo na kiroba cha unga ambacho mama hakukubali nikiache. Mganga mfawidhi, Bwana Lusato, alikuwa mtu mwembamba asiyependa kurudia neno. Alinionyesha chumba cha sindano, akanionyesha jokofu la chanjo, kisha akanyoosha mkono chini ya mti wa mwarobaini.

"Na ile pale ni yako."

Ilikuwa pikipiki ndefu ya porini, yenye matairi ya kashata, yale meno ya mpira, kubwa kubwa. Nilipoipanda, miguu yangu iligusa chini kwa ncha za vidole tu. Nilikuwa nimejifunza kuendesha kwenye lami, kwa wiki chache, na mwalimu wangu alikuwa ameniambia niko tayari. Nadhani alikuwa amechoka.

Kwa asiyejua, huduma ya mkoba ni kuwafuata kina mama na watoto kule kule waliko. Chanjo zinakaa ndani ya boksi lenye barafu, boksi linafungwa nyuma ya pikipiki, na barafu haimsubiri mtu. Ikiyeyuka, umebeba maji.

Safari yangu ya kwanza peke yangu sikufika. Katikati ya pori la migunga, tairi la nyuma likaanza kuyumba kama mtu aliyelewa, nikasimama, nikaangalia, nikaona mwiba mrefu kama kidole umezama kati ya kashata. Nilikuwa na pampu. Nilijaza upepo, ukatoka. Nikajaza tena, ukatoka tena. Baada ya hapo sikuwa na wazo lingine. Nilikaa pembeni ya njia hadi akapita mzee mmoja na mkokoteni wa ng'ombe. Alinisalimia kwa Kisukuma, akanitazama, akaitazama pikipiki, akashuka bila kuuliza kitu. Tuliipakia juu ya magunia ya mpunga, nikarudi zahanati nikiwa nimekaa juu ya mkokoteni, na watoto wa shule wote wa kijiji wakitusindikiza.

Mkokoteni niliusahau upesi. Kilichonikaa ni safari iliyofuata, nilipofika kile kijiji. Mama mmoja aliyeitwa Mama Shija alisimama mbele ya wenzake, mtoto mgongoni.

"Nesi, siku ile tulikaa juani na watoto mpaka jua likapinda. Msimu wa kulima huu. Mngesema hamji, tungeenda shambani."

"Pikipiki ilipata pancha, mama."

"Pole," akasema, na alisema kwa moyo. "Lakini wengine hawakurudi leo. Wamesema nyie ni watu wa kusema tu."

Nilihesabu watoto kwa macho nikaona ni kweli.

Nilimwuliza Bwana Lusato nani anaziba pancha pale. Akasema fundi yuko mjini, Kahama, na karibu zaidi ya hapo yuko Sista Pelagia. Nilidhani anatania. Sista Pelagia alikuwa mtawa, Msumbwa wa Ushirombo, anayeendesha zahanati ya parokia mbele kidogo ya kwetu. Nilikuwa nimemwona akipita na pikipiki kama yangu, kanzu yake ameikunja na kuibana chini ya mapaja, shela inapepea, vumbi linamfuata. Sikujua kwamba pikipiki ile anaitengeneza mwenyewe.

Nilimkuta uani kwake Jumamosi asubuhi, amevaa ndala.

"Shikamoo Sista."

"Marahaba, binti. Wewe ndiye uliyekuja na ng'ombe?"

"Ndiye mimi. Nimekuja unifundishe kuziba pancha."

"Pancha baadaye. Kwanza utavua tairi zima na kulirudisha. Mtu akianzia kwenye shida anajifunza matusi tu."

Vifaa vyake vyote vilikaa ndani ya kopo la maziwa ya unga: spana chache, vyuma viwili bapa vya kubandulia tairi, koleo, msasa, gundi, vipande vya tyubu ya zamani na kipande cha sabuni ya mche. Nilimwuliza vifaa vingine viko wapi. Akasema vingine ni magoti yangu.

Alichonifundisha ndicho nilichowafundisha nanyi, ila mlikuwa mnacheka nikakosa nafasi ya kumaliza, basi nakimaliza hapa. Pikipiki ya porini haina stendi ya kati, kwa hiyo unaweka kreti la soda chini ya injini, gurudumu linaning'inia. Unalegeza nati ya ekseli na vile vya kukaza cheni, unasukuma gurudumu mbele, cheni inatoka yenyewe bila ugomvi. Fimbo ya breki unaifungua mapema, si baada ya kushangaa kwa nini gurudumu halitoki. Unapochomoa ekseli, vile vibushi, vipete vya chuma vya pembeni, unavipanga juu ya kitambaa kwa mpangilio ule ule ulivyovitoa. Mimi mara ya kwanza niliviweka mfukoni, Sista akanitazama kama mtu anayemwona mtoto akila udongo.

Kisha unatoa kisindano cha valvu, upepo wote utoke, na unakanyaga tairi kwa kisigino mpaka ukingo wake ubanduke kwenye ringi. Hapo ndipo wengi hushika vyuma na kuanza kupigana. Sista aliniacha nipigane. Jasho lilinitoka, tairi halikusogea.

"Ukiona unatumia nguvu, acha," akaniambia. "Angalia upande wa pili. Tairi limepanda."

Ringi ina bonde katikati. Ukingo wa tairi ukiwa umepanda juu kwa upande mmoja, upande mwingine hautoki hata umwite baba yako mzazi. Nilipiga magoti nikausukuma ule ukingo wa upande wa pili hadi ukaingia bondeni, nikarudi kwenye valvu, nikachomeka chuma, nikabandua kipande kidogo, kisha kingine kidogo. Likatoka kama ganda la ndizi. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Ndani ya tairi unapapasa kwa kitambaa, si kwa vidole, maana mwiba uliotoboa tyubu bado upo mle na utakutoboa nawe. Tyubu unaijaza upepo, unaizamisha kwenye beseni la maji, unatazama mapovu yanatokea wapi. Unasugua kwa msasa, unapaka gundi, unangoja ikauke kabla ya kubandika kiraka. Kungoja huko ndiko kunakowashinda watu. Sista alipima kwa Salamu Maria, alisali kumi taratibu. Mimi nilisoma dua zangu. Gundi ilikauka kwa sote wawili.

Kurudisha ni kinyume chake. Tyubu inapewa upepo kidogo tu isijikunje, sabuni inapakwa ukingoni, unaanzia mbali na valvu na kumalizia kwenye valvu. Na chuma usikichomeke kikazama, kitaing'ata tyubu. Nilifanya, nikavua, nikafanya tena, hadi kengele ya kanisa ya adhuhuri. Niliporudi nyumbani sikuweza kushika kijiko sawasawa.

Tangu hapo pancha za njiani nikazizoea. Nilikuwa naziziba huku wachunga ng'ombe wamechuchumaa wananishangaa, na baadhi yao walikuja kliniki baadaye na wake zao kwa sababu tu walitaka kuwaonyesha yule nesi wa tairi. Niliolewa katikati ya miaka hiyo, na Idrisa, mwalimu wa shule ya msingi ya pale, mtu mpole anayeogopa pikipiki hata ikiwa imezimwa.

Sasa niwaambie ile ya rashi.

Mnajua rashi ilivyo. Dhahabu inaonekana msituni upande wa kuelekea Geita, na kabla ya mwezi kuandama mara ya pili pana mji wa maturubai, karasha zinasaga mawe mchana kutwa, mama lishe wamefika, na hakuna zahanati wala choo. Habari ikatufikia kwamba pale kuna surua, na kwamba mtoto mmoja amekwisha kuzikwa. Gari la wilaya lilikuwa limeharibika. Mvua zilikuwa zimeanza. Na tairi langu la nyuma lilikuwa kipara, limebaki laini kama kichwa cha Bwana Lusato, mwenyewe alisema hivyo.

Tairi jipya lilikuwapo stoo. Bwana Lusato akataka tumngoje fundi kutoka Kahama.

"Atakuja lini?"

"Amesema wiki hii."

"Amesema hivyo wiki iliyopita."

Nikamwambia nitalifunga mwenyewe nyumbani, kesho alfajiri niondoke. Akanipa ufunguo wa stoo.

Ilikuwa mchana, jua limetoka kati ya mvua mbili. Nililianika tairi jipya uani lilainike, maana tairi jipya baridi ni gumu kama moyo wa karani. Idrisa akaja kushika pikipiki isianguke kwenye kreti.

"Ukishindwa je?" akauliza.

"Tutakuwa na pikipiki yenye gurudumu moja."

Hakucheka. Nilivua lile la zamani bila shida. Jipya ndilo lililonitoa jasho, kashata zake zilikuwa nene na ukingo wake mkavu. Nilipofika mwishoni, karibu na valvu, nikaharakisha. Nilitaka liishe. Nikachomeka chuma, nikakandamiza, ukingo ukaingia kwa mlio mzuri, nikashika pampu, na baada ya kupiga kidogo nikasikia ssss.

Nilikaa chini kwenye udongo. Nilikuwa nimeing'ata tyubu, jambo lile lile nililokatazwa siku ya kwanza. Nilifikiria kwenda kumwambia Bwana Lusato tumngoje fundi, na nawaambia kweli, nilikuwa nimekwisha kunyanyuka. Kisha nikamwona Idrisa amekwenda kuchota maji kwa beseni. Alikuwa amenitazama miaka yote na alijua kinachofuata. Aliliweka beseni mbele yangu.

"Haya," akasema. "Mapovu."

Nikavua tena, nikaziba, nikangoja gundi ikauke vizuri. Nilipoanza kurudisha, nikapaka sabuni kwa wingi, nikashika kipande kidogo kidogo, na kila nilipoona natumia nguvu niliacha nikaenda kutazama upande wa pili. Safari hii pampu ilipiga hadi tairi likalia *pwa*, likakaa. Ule mstari wa pembeni ulikuwa sawa na ringi kuzunguka kote. Niliukagua mara kadhaa. Idrisa akasema tairi likikaguliwa sana litaona aibu.

Alfajiri niliondoka na boksi la chanjo, matone ya vitamini A na dawa nilizoweza kubeba. Barabara ilikuwa ule udongo mweusi wa mbuga, ukilowa unanata kama ugali mbichi. Kwa tairi la kipara ningekuwa mtaroni mapema. Kashata mpya zilikuwa zinauma udongo na kuutupa.

Nilifika kambini kelele za karasha zimepamba moto. Pale serikali ni mwenye duara, yaani mwenye shimo, na mwenye duara kubwa alikuwa mtu mmoja aitwaye Malale, mrefu, vumbi la mawe kichwani hadi miguuni.

"Mwangaluka," nikamsalimia.

"Mwangaluka, nesi. Umepitaje ile njia?"

"Kwa pikipiki. Naomba uzime karasha, kina mama wanisikie."

Alinitazama, akatazama tope lililofika kwenye boksi, akainua mkono. Zikazimwa moja moja. Sijawahi kusikia kimya kama kile. Kina mama wakaanza kutoka kwenye maturubai, na tukafanya kliniki pale pale, meza yangu ikiwa pipa lililopinduliwa. Watoto walikuwa wengi kuliko nilivyoambiwa, na chanjo zilitosha kwa kubanana.

Nilipokuwa namalizia, Malale akaniinamia sikioni. Kulikuwa na turubai la mwisho, la Mama Limi. Hatoki. Kwao wanasema mwenye surua hachomwi sindano, anafichwa gizani hadi iishe.

Nilimkuta amekaa na binti yake mapajani, mtoto wa umri wa kuanza kukimbia kimbia. Vipele vilikuwa vimemjaa, macho yameganda tongo, na mbavu zilikuwa zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Hilo la mbavu ndilo lililonitisha.

"Sijaja kumchoma," nikasema, na nikakaa chini. "Ana vipele, na vipele vitaisha. Ila kifua kimeshambuliwa. Hapa sina cha kukitibu. Kituo cha afya kinacho."

"Yule wa jirani alizikwa," akasema Mama Limi. "Mama yake alikuwa anangoja gari."

"Hatungoji gari."

Nilimpa mtoto matone ya vitamini A, nikamsafisha macho. Mama Limi alitazama nje, kwenye pikipiki.

"Hiyo itafika?"

"Itafika."

"Wewe umejuaje?"

"Tairi nimelifunga mimi, jana."

"Wewe?"

"Mimi. Mara mbili, kwa sababu ya kwanza nilikosea."

Sijui kwa nini nilimwambia hilo la kukosea. Lakini ndilo lililomnyanyua. Alimfunga mtoto kifuani kwa kitenge, Malale akatushikilia pikipiki tukapanda, na wachimbaji wakatusukuma hadi tukatoka kwenye tope la kambi.

Ile safari siisimulii yote. Mvua ilitukuta. Kwenye mteremko wa kijito gurudumu la nyuma lilichepuka, nikaacha mafuta, likashika. Tulipovuka nilisimama nikapapasa tairi, nikajaribu nati ya ekseli kwa spana. Ilikuwa pale pale nilipoiacha. Nyuma yangu Mama Limi alikuwa anamwimbia mtoto kwa Kisukuma, sauti ya chini, bila kukatiza, na mimi nikawa naendesha kwa kufuata ile sauti, maana nilijiambia kwamba akinyamaza ndiyo basi. Hakunyamaza hadi kituoni.

Walimwekea oksijeni na dripu. Nilibaki naye hadi jua lilipotua, kisha nikarudi kazini, nikawa naulizia kila gari linalopita. Nilipokwenda kumwona baadaye nilimkuta Limi amekaa kitandani, anamgombeza mama yake kwamba uji hauna sukari. Mama Limi alisimama, akanishika mikono yote miwili, akasema "Wabeja," asante ya kwao, akairudia mpaka nikageuza uso.

Aliporudi kambini ndiye aliyepita turubai kwa turubai kabla ya kliniki iliyofuata. Nilipofika, karasha zilikuwa zimekwisha kuzimwa na kina mama wamepanga foleni. Hapakuwa na kaburi jipya la surua pale baada ya hapo.

Miaka ikasonga. Nilihamia Kagongwa, halafu nikarudi kwetu Shinyanga. Lami imefika kusikofikirika, na bodaboda wako kila kona, wanaziba pancha huku wanaongea na simu. Wengine wenu mnasema mambo ya vyuma na sabuni yamepitwa. Yamepitwa pale lami ilipofika. Mtoto asiyechanjwa kwa kawaida anakaa mbele ya hapo. Sista Pelagia yupo Ushirombo kwenye nyumba ya masista wazee. Nilimtembelea mwaka jana. Magoti yamemkataa, lakini alitaka kujua matairi ya siku hizi yana ukingo mgumu au laini, na hakuridhika na jibu langu.

Tangu nistaafu, Jumamosi baadhi yenu mnakuja uani kwangu Ngokolo. Idrisa anatoa kreti, anachota maji, anakaa kivulini kusahihisha Kiswahili chenu. Mnachafua ua na kumaliza sabuni, na sina malalamiko.

Wiki iliyopita nilikuwa naandaa chakula cha mchana simu ikaita. Alikuwa Neema, yule mgeni wenu, aliyetumwa kijiji kimoja ndani kabisa, mbali na Kagongwa.

"Shikamoo Mama Rehema. Nimepata pancha njiani."

"Marahaba. Tulia. Kwanza tafuta pa kuegemeza, gundi usiibandikie kiraka kabla haija..."

"Mama."

"...haijakauka, na upande wa pili wa tairi..."

"Mama, nimeshaziba. Nimeshafunga. Nimefika."

Nikakaa kwenye kiti cha jikoni. "Sasa umenipigia nini?"

"Nilitaka ujue. Kina mama wapo, Mama. Wamejaa hadi nje."

Niliwasikia nyuma yake, watoto wanalia kila mmoja kwa sauti yake, na mtu anauliza nesi anaanza saa ngapi.

"Kata simu basi," nikamwambia. "Wanakungoja wewe."